Kipa Aliyeuza Mechi kwa Mbuzi

Mimi kazi yangu ni kuonja michezo ya video kabla haijaingia sokoni, na niseme mapema kwamba si mtu wa kushangaa hovyo. Nimeonja michezo ya vita, ya ndoa, ya kilimo, hata mmoja wa kukaa kwenye foleni ya hospitali, na mingi niliichambua mpaka walioitengeneza wakaacha kuniitikia salamu. ENZI, mchezo mpya wa mpira, ilipotangazwa na mji mzima wa Tanga ukakosa habari nyingine ya kuzungumza, nilisema redioni, kwenye kipindi changu, kwamba ni mpira tu, na mpira tumeshauona. Wasikilizaji wakanishukia. Mmoja akapiga simu kuuliza kama kweli nimezaliwa na Mzee Semboja au niliokotwa.

Haki yake kuuliza. Baba yangu, Hoza Semboja, alikuwa kipa wa Mkonge, timu ya mashamba ya katani, wakati ule wa ligi ya mkoa ambapo hakuna aliyekuwa na kamera ya kuipeleka kwenye uwanja wa vumbi. Walimwita Komeo. Picha yake ya uwanjani tunayo moja tu, na hiyo yenyewe amekaa chini anafunga kamba za viatu. Sasa ENZI, kwa maelezo ya tangazo, ilikuwa inawarudisha uwanjani wachezaji ambao hawakuwahi kurekodiwa hata dakika moja. Watengenezaji walikuwa wametoa orodha ya awali ya majina, na Komeo alikuwa mmojawapo.

Siku ya majaribio nikamchukua Baba twende. Mzee Mdoe naye akaja, ingawa hakuna aliyemwalika. Huyo hajawahi kungoja mwaliko. Mzee Mdoe alikuwa mtunza vifaa wa Reli, mahasimu wa Mkonge, na ni mtani wa Baba tangu ujana wao. Asubuhi ile alifanya anachofanya kila asubuhi akija kwetu. Alisimama mlangoni akalia kama mbuzi, mara moja, kwa kuvuta.

"Pita, mwizi wa jezi," Baba akamjibu kutoka ndani.

Mbuzi huyo ana kisa chake. Siku ya fainali, dakika za lala salama, Reli walipiga shuti la kawaida kabisa, mpira ukapita pembeni ya Baba kwenye nguzo ya karibu, na kombe likaenda. Jioni ile ile Mzee Mdoe akatangaza kijiweni kwamba Komeo kauza mechi kwa mbuzi. Akasema amemwona kwa macho yake, mbuzi wa kahawia aliyevunjika pembe, kafungwa nyuma ya jiko letu. Aliyasema bila kutikisa hata ndevu, maana mtani akicheka mwenyewe ameshaharibu. Mji ukaipokea, ukaikuza, na Baba ndiye aliyecheka kuliko wote. Mimi nilikua nikidhani kila nyumba ina mbuzi wake wa namna hiyo.

*

Majaribio yalifanyika kwenye ghala la zamani la katani, karibu na stesheni. Vijana wa kike na wa kiume walikuwa wamejipanga nje mpaka barabarani, wengine wamevaa jezi za timu zilizokufa kabla hawajazaliwa. Sisi tulipitishwa mbele kwa sababu ya Baba. Aliyetupokea ni injinia mkuu mwenyewe, Eliaichi Massawe, dada mrefu mwenye sauti ya upole, aliyetaka wote tumwite Aichi. Aliwaamkia wazee shikamoo, akamshika Baba mkono, akawa hauachii.

"Nimekaa na wewe mwaka mzima, mzee wangu," akamwambia. "Leo ndiyo nakuona."

Baba akamtazama, akanitazama mimi, akasema marahaba kwa mara ya pili.

Ndani kulikuwa na majamvi meusi ya duara yaliyotandikwa sakafuni. Unasimama juu ya jamvi, unafungwa kilemba. Ndivyo wanavyokiita, na ni kitambaa kweli, chepesi, chenye nyuzi ndani. Kinasoma kile unachotaka mwili wako ufanye, halafu kinakurudishia kile ambacho mwili ungehisi kama ungefanya. Ukitaka kukimbia unakimbia, na jamvi linazunguka chini yako kiasi cha kukudanganya miguu. Nilishavaa vitu vya namna hii. Nikamwambia Aichi anifunge, nikajiandaa kuchoka.

Kilichonipokea ni vumbi. Lilinijia puani kabla sijafumbua macho vizuri, vumbi jekundu la jua la saa kumi, pamoja na harufu ya katani iliyoanikwa na ya mihogo inayokaangwa mahali fulani upande wa kushoto. Nikafungua macho. Uwanja haukuwa na majani. Mistari ya chokaa ilikuwa imepinda upande mmoja, na watu walikuwa wamesimama mpaka kwenye mstari wenyewe, wamama wamebeba watoto, wazee wamekalia ndoo. Hakukuwa na sura mbili zinazofanana. Nimeonja michezo ambayo mashabiki wote ni mtu mmoja aliyenakiliwa. Hapa niliona bibi mmoja anamfinya mjukuu wake sikio, na mjukuu analia.

"Nani amewaambia mistari ilipinda?" nikauliza.

"Watu," sauti ya Aichi ikanijibu sikioni. "Mchoraji alikuwa amelewa siku ile. Wazee wanane, kila mmoja kwa wakati wake, walikumbuka."

Ndipo akanieleza, nami nikiwa nimesimama katikati ya uwanja ule. ENZI haikutengenezwa kwa picha. Ilitengenezwa kwa midomo. Walipeleka vijana wenye vinasa sauti kwenye vijiwe vya kahawa, kwenye misiba, kwenye vinyozi, wakawaacha watu waseme, wakachukua na kanda za redio zilizosalia. Mashine yao, wanayoiita Msikilizaji, ilikaa na maneno hayo yote. Mtu mmoja akisema kipa fulani alikuwa anatoka haraka kwenye krosi, hayo ni maoni. Wakisema watu mia ambao hawakukaa pamoja, kila mmoja kwa namna yake, Msikilizaji anampa kipa yule miguu ya kutoka haraka, na macho ya kuona krosi mapema, na ile hofu ndogo ya kubaki mstarini. Anamjenga mtu kuanzia alivyokumbukwa mpaka alivyo.

"Geuka nyuma," Aichi akasema.

Nikageuka. Langoni alisimama kijana mfupi. Hicho ndicho kilichonipiga kwanza, ufupi wake, kwa sababu maishani mwangu mwote nimemwazia Komeo kuwa mrefu. Alikuwa na soksi moja imeshuka. Akatema mate kwenye viganja, akavifuta kwenye kaptura, akapiga nguzo ya kushoto mara mbili kwa ngumi, nikahisi machozi yananilenga. Baba hugonga hivyo hivyo fremu ya mlango kabla ya kutoka nyumbani. Sikujua kwamba ile ilikuwa nguzo.

Mpira ulikuwa miguuni mwangu. Yule kijana akainama, akapanua mikono, akanitazama mimi, binti yake, ambaye nimemzidi umri kwa miaka mingi.

"Piga," akasema. "Usinionee huruma."

Sikuweza. Nilibaki nimesimama tu, na mpira umekaa.

*

Baba alipofungwa kilemba alitaka kwanza kujua kama kitamuumiza magoti. Akaambiwa hapana. Mzee Mdoe, aliyekuwa amepewa kiti na chupa ya maji, akamwambia ajihadhari asije akajikuta anafunga mbuzi humo ndani, na vijana wa foleni wakacheka. Sisi tulimfuatilia kwenye ukuta mkubwa, ambao ulionyesha kila alichokiona.

Akaenda mpaka kwenye eneo la hatari, akasimama mbele ya yule kijana. Wakaangaliana. Komeo hakujua anaangalia nini, ni mshambuliaji mmoja tu mbele yake, lakini Baba alijua. Halafu akapiga. Shuti la kwanza likadakwa. La pili likapanguliwa. Akajaribu kumchenga, kijana akamlalia miguuni akaondoka na mpira kifuani. Baba akapiga juu, akapiga chini, akapiga kwa kisigino, na kila alipokosa alizidi kucheka, mpaka akainama akashika magoti kwa kicheko.

"Mwantumu," akaniita, kilemba kingali kichwani. "Mimi sikujua nilikuwa mzuri hivi."

Ni kweli, hakujua. Mtu anayecheza hajioni, na huyu hakuwahi kuwa na kioo cha kumwonyesha ule mruko, ile mikono inayofika kabla ya mpira. Watu wote walimwona Komeo isipokuwa Komeo mwenyewe. Nilisahau kazi yangu, nikasahau redio, nikawa nalia mbele za watu kama mtoto, wala sikuona haya.

Ingeishia hapo, ningeenda kuwaambia wasikilizaji wangu kwamba wameshinda, niombe msamaha, tule wali. Lakini msichana mmoja wa foleni akaomba tuone mechi yenyewe, fainali ya Mkonge na Reli. Aichi akasita kidogo. Nilimwona akisita. Baba akasema iwekwe, aiangalie akiwa nyuma ya goli.

Mechi ilichezwa haraka haraka, wakiruka vipande, na Komeo alikuwa moto. Alidaka vitu ambavyo mpaka sasa nikifumba macho naviona. Zikafika dakika za lala salama. Winga wa Reli akashika mpira upande wa kulia, akapiga shuti la kawaida. Kijana langoni akaliona. Uso wake ulionyesha ameliona, alikuwa na muda wa kunywa chai. Akageuza macho, akatazama nje ya uwanja, upande wa nyuma ya jukwaa, kisha akajisogeza hatua moja, taratibu, akaiacha nguzo ya karibu wazi. Mpira ukaingia ukitembea. Akajiangalia viganja.

Vijana wa foleni wakalia kama mbuzi. Hawakulia kwa mzaha. Walilia kwa hasira, kama mashabiki wanavyomzomea msaliti, na mmoja akasema kwa sauti, "Kumbe ni kweli kala mlungula, huyu mzee."

Baba akavua kilemba mwenyewe.

*

Nikamvuta Aichi pembeni, na sikuwa mpole.

"Toa hiyo," nikamwambia. "Leo hii."

"Dada Mwantumu, ningekuwa na mkasi ningeshaikata." Alikuwa amefadhaika kweli, hilo namshuhudia. "Haijaandikwa mahali kwamba Komeo anauza mechi. Msikilizaji haandiki. Tabia zimefumwa pamoja, zile za kudaka na hiyo ya kuacha. Nikiivuta hiyo, anafumuka wote."

"Ule ni utani. Mtu wa Tanga yeyote atakwambia."

"Wa Tanga ndio walioniambia." Akaniwashia sauti kwenye simu yake, mmoja baada ya mwingine. Kinyozi wa barabara ya kumi na mbili, muuza kahawa, mwalimu mstaafu, mama wa sambusa. Wote walimtaja mbuzi wa kahawia aliyevunjika pembe, wote kwa sauti kavu, wala hapakuwa na hata mmoja aliyecheka. "Msikilizaji anajua kicheko. Mtu akisema uongo huku anacheka, anauacha. Hawa hawakucheka."

Ningemwambia nini? Kwamba sisi ndivyo tunavyotania, kwamba kukaza uso ndiyo sehemu tamu yenyewe? Nilimwambia. Akanisikiliza, akatikisa kichwa, akasema anaelewa, yeye ni mtu wa Moshi na kwao pia kuna watani, lakini hakufikiri kwamba mji mzima unaweza kutania miaka yote hiyo bila mtu mmoja kuteleza.

Wachezaji wa ENZI wangefungwa ndani ya mashine jioni ile, na baada ya kufungwa hawabadiliki. Ijumaa ENZI inafunguliwa Afrika nzima na kwingineko. Aichi akanipa njia mbili, na zote alizitaja kwa kusitasita. Ya kwanza, kumwondoa Komeo kabisa, asiwepo. Ya pili ni kwamba Msikilizaji hufuata maneno mpaka kwenye chanzo, na yote haya yalikuwa na chanzo kimoja. Aliyeyasema kwanza akiyakanusha, waziwazi, kwa jina lake, uzi ule unalegea wenyewe na Komeo anabaki mzima. Ila ushahidi hauwezi kufichwa. Kila mchezaji wa ENZI ana mashahidi wake, na yeyote duniani akimgusa anaweza kusikiliza sauti zao.

Nikaenda kumwambia Baba. Alikuwa amekaa kwenye robota la katani lililosahauliwa pale, anazungusha kilemba mikononi.

"Waache," akasema kabla sijamaliza.

"Baba, watu watakuita mwizi. Watoto ambao hawajawahi hata kusikia jina la Tanga."

"Nimeshaitwa."

"Umeitwa na Mzee Mdoe."

"Basi huyo anatosha." Akaniangalia. "Unakumbuka tulipomzika mama yako?"

Nakumbuka. Baba alikuwa hajala, hasemi, hatujui tumfanye nini. Tulipofika makaburini, Mzee Mdoe akaruka ndani ya kaburi akajilaza chali, akasema hatoki mpaka alipwe mguu wa mbuzi anaoudai bado. Watu wakamwomba, wakamrushia sarafu, akakataa. Baba akaenda ukingoni akamtazama yule mzee amelala kwenye udongo na kanzu yake nyeupe, akacheka. Alicheka mpaka akalia, na kilio kile ndicho kilichomrudisha duniani.

"Mtani akikuomba radhi, ameondoka," Baba akasema. "Anabaki jirani. Majirani ninao wengi."

Nilimwelewa. Naapa nilimwelewa. Lakini nilikuwa nimemwona yule kijana langoni akipiga nguzo mara mbili, na nilikuwa nimemsikia Baba akisema hakujua alikuwa mzuri hivi, na sikuweza kukubali dunia ipewe kitu kizuri kiasi kile kikiwa na doa ambalo si lake. Nikatoka nje kumtafuta Mzee Mdoe.

*

Alikuwa amesimama kwenye kivuli cha ghala, peke yake, chupa ya maji bado haijafunguliwa.

"Mzee Mdoe, nina ombi."

"Nalijua. Yule dada mrefu kanieleza." Hakunitazama. "Unajua unaniomba nini?"

"Useme ukweli tu."

"Ukweli kila mtu anaujua. Unaniomba nimwombe radhi baba yako." Akasema neno hilo kama mtu anayetema mbegu. "Baba yako na mimi hatuna undugu. Hatukusoma pamoja, hatukufanya kazi pamoja, kila mmoja na timu yake, kila mmoja na kabila lake. Tulichonacho ni mbuzi. Naingia kwake bila hodi kwa sababu ya mbuzi. Nakula chakula chake, namtukana mbele ya wakwe zake, na siku nilipofilisika aliniletea unga akisema ni pumba za mbuzi wangu, nikapokea bila aibu. Angeniletea kwa heshima, nisingepokea."

"Baba amesema uache."

"Ndiyo maana najua nikisema atanichukia."

Sikuwa na haki ya kuendelea. Nilijua, na nikaendelea. "Lakini wale watoto, Mzee Mdoe. Umewasikia."

Ndani ya ghala waliirudia ile mechi kwa kundi lingine, tukasikia tena ule mlio, vijana wengi kwa pamoja, wenye hasira. Mzee Mdoe akakunja uso kama mtu aliyepigwa. Mlio ule aliubuni yeye, na nadhani ndiyo mara ya kwanza aliusikia ukitoka kwa watu wanaouamini.

"Niliposema Komeo kala mbuzi," akasema taratibu, "nilikuwa nawaambia watu wanaomjua. Walimwona akidaka. Ndiyo maana ilichekesha. Hawa hawamjui." Akanipa ile chupa niishike. "Twende, kabla sijaghairi."

Tuliingia. Aichi akamkalisha mbele ya kinasa sauti kidogo kuliko kokwa la embe. Baba alipomwona amekaa pale akainuka kutoka kwenye robota, akainua mkono kama anayesimamisha gari, akasema, "Mdoe, acha." Mzee Mdoe hakugeuka.

"Mimi ni Mdoe Kaniki, niliyekuwa mtunza vifaa wa Reli," akasema. Sauti yake ilikuwa ngeni kabisa, ya mtu aliye mbele ya hakimu. "Mwanzo wa habari ya mbuzi ni mimi. Hapakuwa na mbuzi. Bwana Hoza Semboja hakuuza mechi ile wala nyingine yoyote. Alikuwa kipa bora kuliko wote niliowaona, na lile goli lilikuwa goli kama magoli mengine. Nilikuwa namtania. Namwomba radhi yeye na familia yake."

Baba akashusha mkono.

Msikilizaji hakuchukua muda. Aichi alisimama mbele ya ukuta, na sisi nyuma yake, na foleni yote ilikuwa imeingia ndani bila mtu kuizuia. Tukaona uzi ukilegea, ingawa nyuzi hazikuonekana. Kilichoonekana ni yule kijana langoni akitulia mabega, kama mtu aliyetuliwa mzigo asioujua. Winga wa Reli akapiga lile shuti. Komeo hakuangalia nje ya uwanja. Akaruka kwenye nguzo ya karibu, mwili wote umenyooka hewani, akaugusa mpira kwa ncha za vidole vitatu, ukagonga nguzo, ukatoka.

Sijawahi kusikia ghala likitoa sauti ile. Vijana walikumbatiana, msichana aliyeomba mechi alipiga magoti, na Aichi alijifunika uso. Bibi wa kwenye mchezo alimwachia mjukuu sikio akaanza kucheza. Mimi niliyesema ni mpira tu nilisimama pale na mwili unanisisimka kutoka kichwani mpaka miguuni, nikiona jambo ambalo halikutokea likitokea, na hakuna mtu duniani angeweza kunishawishi kwamba si kweli. Siku ile ile nilikwenda hewani nikasema hivyo, na sirudi nyuma: hakuna mchezo uliowahi kutengenezwa unaoukaribia.

Baba aliutazama ule mruko mpaka mwisho. Kisha akamtafuta Mzee Mdoe kwa macho, akamwendea, akampa mkono wa kulia huku ameushika kwa wa kushoto, kama anavyompa mgeni.

"Ahsante sana, Mzee Mdoe," akasema. "Umenitendea wema mkubwa."

Mzee Mdoe akaupokea mkono ule. Midomo yake ilifunguka, nikadhani anatafuta tusi, nikaomba Mungu alipate. Lilikuwa halipo.

"Si kitu, Bwana Semboja," akasema.

Nikawaambia nitawatafutia usafiri, wote wawili wakakataa, kila mmoja akisema hapendi kunisumbua. Nyumba zao zinatazamana, kwa hiyo njia ilikuwa moja. Niliwafuata kwa nyuma, nimebeba chupa ya maji isiyofunguliwa. Walitembea bila kusemezana, wakiulizana mara moja tu habari za nyumbani na kujibizana kwamba ni nzuri. Kila penye uchochoro mwembamba walisimama, na kila mmoja akawa anamwomba mwenzake atangulie.